Neno Alilorudi Nalo Mzee Gia

Benchi la gereji lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, umeegemea ukuta, umelainishwa na makalio ya watu wanaojua kila kitu. Kila mtu na pahali pake. Mwisho wa kushoto Wembe, kinyozi, ili mteja akitokea kibandani amwone na aruke. Anayefuata Karani, mzee aliyestaafu kupiga taipu ofisini lakini hajastaafu kusahihisha watu. Kisha Jeki, fundi wa matairi, kijana, mguu mmoja juu ya tairi kana kwamba tairi hilo amelizaa yeye. Mwisho wa kulia, karibu na birika la Shangazi muuza kahawa, Mzee Gia, mkuu wa gereji. Na kati ya Jeki na Mzee Gia palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Tangu mazishi hakuna aliyeikalia. Jeki hukaa kwa kujitanua hata kwenye matanga, lakini upande ule goti lake lilikuwa linajikunja lenyewe.

Alasiri hiyo Mzee Gia alirudi kutoka ofisi ya wakaguzi wa kazi, na shati lake la pasi, na hakuenda nyumbani. Alikaa. Akapewa kikombe. Hakunywa.

— Shikamoo, mzee, alisema Jeki.

— Marahaba.

— Wamesemaje?

— Wamesema mimi ni culpable.

Alilitamka polepole, kama mtu anayeshusha injini kwa mnyororo na hataki iguse chini. Kwa midomo ya benchi lile lilitoka kalpabo, na kalpabo likabaki.

— Kalpabo! alisema Wembe. Mbona jina zuri? Kama la dawa ya chunusi.

— Wembe, nyamaza, alisema Shangazi.

— Nimenyamaza. Ila ni jina zuri.

Karani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Hiyo ndiyo dalili yake ya kuja na Kiingereza.

— Walilisema vipi? Peke yake, au lilikuwa na wenzake?

— Lilikuwa na wenzake wengi, mimi nimelishika hilo. Yule bwana mkubwa alikuwa anasoma Kizungu, akafika hapo akaniangalia. Neno ambalo mtu akilifikia anakuangalia, si ndilo lako? Nikamwomba anifasirie. Akasema, maana yake umehusika. Akafunga faili, akaomba chai.

— Umehusika, alirudia Karani. Hapana. Huo ni uvivu.

— Ndivyo nilivyomwambia, kwa heshima. Nikamwambia, mheshimiwa, kuhusika hata jeki ilihusika.

— Mimi tena? aliruka Jeki.

— Ya chuma, mwanangu.

Wembe alicheka, na Jeki akacheka, kisha wote wawili wakakumbuka jeki hiyo ya chuma ilikuwa chini ya gari gani, wakaziangalia kahawa zao.

Mzee Gia alikizungusha kikombe.

— Mimi shida yangu siyo wao. Shida yangu ni binti yangu. Tangu tumzike mumewe ananipikia, ananiwekea chakula, anageuka anaondoka. Sisikii hata "karibu". Leo asubuhi ndiyo kafungua mdomo. Amesema: baba, wakimaliza uje uniambie walivyosema. Usiniongezee, usinipunguzie. Sasa nitaingia pale mlangoni nimwambie nini? Kalpabo? Nipeni Kiswahili chake. Nikishapata Kiswahili chake nitaondoka.

Hapo benchi likapata kazi, na benchi lile likipata kazi hakuna atakayesema "sijui". Jeki ndiye aliyetangulia, kwa sababu Jeki hutangulia. Huyu kijana shule aliiacha mapema, na ukimuuliza atakwambia hakufukuzwa wala hakushindwa: aliona inampunguzia akili, akaiokoa akili iliyobaki akakimbia nayo. Tangu hapo hakuna jambo lililompita. Ameshafafanua hapo benchini kwa nini mbu hawapendi matajiri, na kwa nini ndege ya abiria haiwezi kurudi rivasi angani. Aliyekuwa akimpinga ni mmoja tu, yule aliyekuwa akikaa kwenye ile nafasi, na hakumpinga kwa maneno. Alikuwa akipiga mluzi, wimbo wa maringo, mpaka Jeki ashindwe kuendelea. Ndiyo maana walimwita Mluzi. Mkwe wa Mzee Gia.

— Sikilizeni, alisema Jeki. Mzungu maneno yake anayaokota kwenye sauti za vitu. Kalp! Huo ni mlango unafungwa mbele ya uso wako. Abo! Hiyo ni wewe, pua imebanwa. Kwa hiyo kalpabo ni mtu aliyefungiwa mlango. Hajafungwa jela, hajaachiwa. Yupo tu nje, na pua inauma.

— Umesomea wapi hayo? aliuliza Karani.

— Hayasomewi, mzee wangu. Yana wenyewe.

— Mimi ninavyojua, alisema Wembe, na alikuwa hajui, Kalpabo alikuwa mtu. Dereva wa farasi wa mfalme mmoja huko kwao. Siku moja gari la farasi likamkanyaga mtoto wa mfalme. Mfalme akauliza, nani? Watu wakasema, Kalpabo. Basi kila anayekanyaga mtu akawa anaitwa...

Hakumaliza. Neno "anayekanyaga" lilikuwa limekwisha kutoka, na halirudi.

— Endelea tu, alisema Mzee Gia. Si ndivyo ilivyokuwa?

Ilivyokuwa kila mtu pale alijua, ila kila mtu alijua kipande chake. Gereji ile ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: fundi akiingia chini ya gari, kofia yake inakaa kwenye usukani. Kofia ikiwa pale, hata mwenye gari haruhusiwi kukaa kwenye kiti. Na anayeitoa ni mwenye kofia, kwa mkono wake. Mzee Gia ndiye aliyeileta sheria hiyo, akiwa bado kijana, na walioicheka walikuja kuishika wote. Siku ile gari la mkate lilisimama hapa hapa ukutani, hatua chache kutoka benchini, tairi la nyuma juu ya jeki. Mluzi alikuwa chini yake anafunga bomba la moshi, miguu imeelekea ukutani, haionekani. Gari jingine likataka kutoka. Mzee Gia akafungua mlango wa gari la mkate. Akaangalia usukani: hakuna kofia. Akategea sikio, maana Mluzi akiwa chini ya gari hupiga mluzi mpaka kazi iishe: kimya. Akaachia breki ya mkono, gari likaponyoka kwenye jeki.

— Walikuuliza nini hasa? alisema Karani, kwa sauti ya chini.

— Waliniuliza kwa nini sikuinama. Nikawaeleza habari ya kofia. Yule bwana akasema, kofia si kifaa cha usalama. Akauliza, iko wapi hiyo kofia? Nikasema haikuonekana. Tumeitafuta, ninyi mashahidi. Chini ya gari, mfukoni mwake, juu ya paa, kwenye mtaro. Hakuna. Akaandika. Binti yangu naye ndiyo hilo hilo. Anasema mume wake alikuwa anaisahau ndoa yake lakini hasahau kofia. Kwa hiyo ama mimi sikuangalia, ama niliiona nikaitupa nikajiokoa. Lipi kati ya hayo nimchagulie?

Shangazi alichochea makaa chini ya birika.

— Ungenipeleka mimi, alisema Jeki. Ningewaambia nimeiona kwa macho yangu, upepo umeichukua, ikapita dirishani, ikapanda juu ya ukuta, nikaikimbilia.

— Ulikuwepo?

— Mimi sikuwepo. Lakini uongo wangu ungekuwepo, tena mapema.

Mzee Gia alitabasamu kidogo, na lile tabasamu Jeki aliliona ni baya kuliko kama angetukanwa.

Karani akavaa miwani.

— Basi niwaambie ninalolijua. Si la Kiingereza hilo. Waingereza wamelipokea kwa Wafaransa, na Wafaransa wamelirithi Kilatini. Kule lilikuwa *culpa*. Kosa. Lawama. Nikiwa mdogo nilikuwa naitikia misa ya Kilatini kanisani. Kuna sala tulikuwa tunasema *mea culpa*, mara tatu, na kila ukisema unajipiga kifua kwa ngumi. Maana yake, kosa langu. Sisi watoto tulikuwa tunajipiga kwa nguvu kushindana nani kifua chake kinalia kama ngoma.

— Makosa gani mliyokuwa nayo? aliuliza Shangazi.

— Hatukuwa nayo. Ndiyo maana tulijipiga kwa nguvu.

— Na hiyo abo? alisema Jeki. Pua iliyobanwa?

— Hicho ni kimkia. Kinamaanisha kufaa, kustahili. Kwa hiyo ukiliunga, ni mtu anayestahili lawama. Si muuaji, mzee wangu. Wangekuona muuaji wana neno lake, wala wasingekuacha urudi kwa miguu kunywa kahawa. Hili ni dogo. Anayestahili lawama.

Mzee Gia alilipokea neno hilo kama anavyopokea kifaa kipya. Aliligeuza, akalitazama chini.

— Anayestahili mshahara anapewa na tajiri yake, alisema. Anayestahili lawama anapewa na nani?

— Na... na waliohusika.

— Wewe umenilaumu?

— Sijakulaumu.

— Wembe?

— Mimi? Sithubutu.

— Jeki?

Jeki alianza kung'oa kijiwe kilichonasa kwenye tairi. Hakuwahi kumlaumu. Lakini kila asubuhi, akiinama kufungua tairi, mluzi humtoka wenyewe, wimbo ule wa maringo, na anapogundua anaumeza, na kwa nukta moja hivi anamchukia kila mtu aliyekuwepo siku ile gerejini, na yeye mwenyewe aliyekuwa mjini kutafuta mipira ya ndani. Sasa hiyo ni lawama? Ina Kilatini chake?

— Mnaona, alisema Mzee Gia. Mwenye haki ya kunipa amelala. Akiwa hai angenipa kidogo, tukagombana, angepiga mluzi wake ule, tukala. Sasa nastahili kitu ambacho mwenye kukitoa hayupo. Nitamwambia binti yangu hivyo?

— Mwambie umehusika, alisema Wembe. Yule bwana mkubwa si mjinga. Kuhusika ni laini. Linateleza kooni.

— Binti kasema nisipunguze.

— Basi mwambie mlango umefungwa na pua inauma, alisema Jeki, na alitaka iwe mzaha, ikatoka vingine.

Shangazi aliliinua birika, akalitikisa, akamimina kilichobaki kwenye kikombe cha Mzee Gia ambacho hata hakikuwa kimepungua. Kahawa ikafurika kwenye kisahani.

Hapo ndipo alipotokea yule mama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkoba wa kadi za kliniki kwapani na mfuko wa karatasi mkononi, na alisimama mbele ya benchi akihesabu nyuso kama anayemtafuta mtu wake kwenye foleni.

— Hamjambo hapa? Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Sikai, nawahi kliniki. Kuna kaka mmoja fundi wa hapa, mwembamba, mchekeshaji. Nimekuja kumrudishia kitu chake.

Akatoa kwenye mfuko kofia. Ilikuwa ya kijani iliyochujuka, imefuliwa, imepigwa pasi hata ule ukingo wake wa mbele, na bado doa la grisi pembeni lilikuwa limegoma kutoka.

Jeki aliijua kabla haijatoka yote mfukoni. Sote tunaijua kofia ya mtu tuliyefanya naye kazi.

— Aliniazima, alisema yule mama. Mnisamehe nimechelewa, mwanangu alilazwa, halafu tunakaa mbali. Siku ile tulikuwa tunatoka hapo kliniki, homa imempanda, akashindwa hata kutembea. Nikamlaza hapa hapa, kwenye hili benchi, saa hiyo lilikuwa halina mtu. Jua lilikuwa linampiga usoni. Huyo kaka alikuwa chini ya gari, hapo, anapiga mluzi. Akamwona mtoto. Akatoka, akafungua mlango wa gari, akaichomoa hii kwenye usukani, akaja akamfunika uso. Akasema, nenda nayo, mama, utaileta siku ukipita. Halafu akarudi chini kwenye kazi yake. Na mluzi akauacha. Mimi sikumwomba! Aliweka kidole mdomoni mwake hivi, akasema, mwache alale. Tukapumzika kidogo, nikambeba, nikaondoka.

Aliitazama kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi.

— Binti yangu anaulizia tu, mjomba wa kofia, mjomba wa kofia. Nikamwambia leo nikipita nitamsalimia. Yuko wapi?

Gari moja lilipita barabarani. Kibandani kwa Wembe mteja alisimama mlangoni, akaangalia huku na huku, na Wembe hakuruka. Karani alikuwa ameshika miwani yake kwa mikono miwili kama vile ingeanguka.

Jeki alilihisi jibu linapanda. Lilikuwa fupi na lilikuwa la kweli, na lingemwosha Mzee Gia mbele ya wote: kofia haikuwepo kweli, mluzi haukuwepo kweli, na shahidi ni huyu hapa amesimama. Alivuta pumzi. Mkono wa Mzee Gia ukaivuka ile nafasi tupu, ukatua juu ya goti lake, ukalibana.

— Ametoka, mama, alisema Mzee Gia. Mimi ni baba mkwe wake. Nipe, nitaifikisha nyumbani kwake.

— Afadhali! Mwambie asante sana.

— Mtoto hajambo sasa?

— Hajambo kabisa. Anaruka kama ndama.

— Basi mwambie mjomba amefurahi kusikia amepona.

Yule mama aliaga kwa mikono miwili, akaenda zake kwa haraka, mkoba kwapani. Wembe alingoja mpaka apinde kona.

— Mzee! Shahidi yule anakwenda! Jeki, una miguu, mkimbilie!

— Faili linaweza kufunguliwa, alisema Karani. Mimi nitakuandikia, bure, kwa Kiingereza safi. Watalifuta lile neno.

— Wakilifuta kwangu wataliandika wapi? aliuliza Mzee Gia. Neno zito namna ile haliachwi hewani. Watamwita yule mama. Watamwuliza, kofia aliitoa kwa ajili ya nani? Siku moja mtoto atakua, aambiwe. Halafu na mimi nilikuwa na shingo. Kofia haipo, mluzi haupo, na shingo ninayo. Ningeinama.

— Lakini dada, alisema Jeki. Mzee, dada naye anangoja. Huyo humwonei huruma?

— Huyo nampelekea kofia ya mumewe, nimweleze ilikuwa juu ya uso wa nani. Hilo ni lake. Nikimaliza nitamwambia walichosema: baba yako anastahili lawama. Bila kuongeza, bila kupunguza. Akitaka kunipa, nitaipokea.

Alisimama. Hakuivaa kofia, aliishika kifuani kama mtu aliyeingia ndani ya nyumba ya watu. Kahawa yake aliiacha ubaoni, imejaa, imepoa. Jeki akamfuata kwa macho akitafuta la kumtania, kwa sababu Mzee Gia hajawahi kuondoka pale bila kutupiwa neno mgongoni.

Mbele ya gereji, mpaka mwisho wa barabara, magari yalikuwa yamesimama kandokando, ya wateja na ya watu baki. Mzee Gia alifika la kwanza. Akasimama, akashika bodi lake, akakunja magoti yaliyokuwa yanamuuma, akainama akachungulia chini. Hakukuwa na mtu. Akainuka kwa taabu, akaenda la pili. Akainama tena.

— Anatafuta nini? alinong'ona Wembe.

Jeki alikuwa na jibu la kila kitu. Alitoa mguu wake juu ya tairi, akauweka chini, akatazama mpaka mzee alipofika gari la mwisho.